Asidi Haipungui, Maji Ndiyo Yanayopungua: Mwongozo Kamili wa Kuhudumia Betri ya Gari na ya Sola

Kosa ni lile lile kila mara. Betri imeanza kuishiwa mapema, mwenyewe anafungua vifuniko, anakuta maji yameshuka, anakwenda dukani kuomba "maji ya betri". Anapewa chupa, anajaza. Kumbe ndani ya chupa mlikuwa na asidi. Betri inapata nguvu za ghafla kwa siku kadhaa, kisha inakufa kabisa, na lawama zinaiangukia kampuni iliyoitengeneza.

Jina lenyewe ndilo linalopoteza watu. Kwa muuzaji mmoja "maji ya betri" ni maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena, hauna chumvi wala madini. Kwa mwingine ni asidi. Chupa zote mbili hukaa rafu moja, na mara nyingi zinafanana hadi kifuniko.

Sasa sababu. Betri iliyojaa ina asidi ya salfuriki na maji, asidi ikiwa kiasi cha asilimia 35 hadi 37 kwa uzito. Unapotumia umeme, asidi inaingia kwenye pleti za risasi na kuacha maji matupu nyuma. Unapochaji, inatoka kwenye pleti na kurudi majini. Haivukizi wala haiishi. Kinachotoka nje ya betri ni maji: chaji ikipanda hadi volti 14.4 hivi, umeme huanza kuyapasua kuwa haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo hutokea kwenye vitundu vya vifuniko. Joto nalo huchukua sehemu yake. Kwa hiyo kinachorudishwa ni maji tu.

Usiidharau asidi hii kwa kuwa inauzwa kwenye chupa ya plastiki. Ni ile ile inayotumika Lubumbashi na Kolwezi kutoa shaba na kobalti kwenye mawe, na ile ile inayotengeneza mbolea za fosfeti. Ya betri imepunguzwa ukali, lakini jicho halitambui tofauti hiyo.

## Kwanza hakikisha betri yako inafunguliwa

Mwongozo huu ni wa betri yenye vifuniko juu: sita vya kuzungusha, au vipande viwili vya plastiki vya kubandua. Betri iliyofungwa moja kwa moja, ya jeli au ya AGM (ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo), haifunguliwi wala haiongezwi kitu. Ya lithiamu haina asidi kabisa. Ukilazimisha kufungua mojawapo ya hizo, umeiharibu.

## Vifaa

- Maji yaliyokenekwa, lita 1 hadi 2 kwa betri moja ya volti 12. Soma karatasi ya chupa. Ukiona neno asidi, alama ya hatari ya kuunguza, au namba kama 1.250 au 1.280 (uzito wa asidi ukilinganishwa na maji), rudisha rafuni.
- Hadromita ya betri, ya kupima uzito huo wa asidi: bomba la kioo lenye mpira wa kuminya juu na kielea ndani.
- Multimita, ya kupima volti.
- Chaja ya volti 12. Mkondo wa chaji uwe kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri. Betri ya Ah (ampea-saa) 100 ichajiwe kwa ampea 10.
- Spana namba 10 au 13, na brashi ya waya.
- Bikaboneti ya soda, ile ya kuokea. Ikikosekana, magadi ya dukani yanafaa.
- Miwani ya kinga, glavu za mpira, na nguo kuukuu. Vaa ya polista ukiweza. Pamba ikirukiwa na asidi huonekana haina neno, halafu ukiifua inatoboka matundu.
- Ndoo ya maji safi, iwe karibu kabla hujafungua kifuniko hata kimoja.
- Faneli ndogo ya plastiki au bomba kubwa la sindano. Chuma hakitakiwi.

Kuhusu maji, watu hutafuta njia za mkato, na zote zimeshajaribiwa. Maji ya kuchemsha hayafai: unapochemsha, maji yanatoka na chumvi inabaki, hivyo unazidisha tatizo. Maji ya kunywa ya chupa yana madini, tena mengine huongezwa makusudi. Ya kisima cha pwani yana chumvi, nayo hushambulia pleti. Ya bomba yana klorini na mara nyingi chuma, na chuma huifanya betri ijimalize yenyewe ikiwa imekaa tu. Yanayodondoka kwenye kiyoyozi yamekwisha pita kwenye vumbi na mabati ya shaba na alumini.

## Hatua ya 1: Zima kila kitu, kisha tenganisha

Gari: zima injini, toa funguo, legeza waya hasi (−) kwanza, kisha chanya (+). Kwa nini hasi kwanza? Bodi zima la gari limeungwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, itapiga cheche, na cheche juu ya betri inayotoa haidrojeni inaweza kuilipua. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa, inashika moto.

Sola: zima inveta, kata paneli kwanza, ndipo utoe betri kwenye kontrola, kifaa kinachodhibiti chaji kutoka kwenye paneli. Ukitoa betri huku paneli zinasukuma umeme, kontrola nyingi huungua.

Vua pete na saa ya chuma. Fungua madirisha. Sigara na kibatari vikae mbali, na kwa kumulika ndani tumia tochi, kamwe si kiberiti.

## Hatua ya 2: Safisha juu kabla ya kufungua

Uchafu ulio juu ya betri ukiingia ndani hautoki tena. Koroga vijiko vinne vikubwa vya bikaboneti katika lita 1 ya maji, hakikisha vifuniko vimekaza, kisha futa kwa kitambaa kilicholowa mchanganyiko huo. Usimwage kama unayeosha gari: tone likipenya kwenye kitundu cha kifuniko linaua asidi ya ndani.

Itatoa povu. Povu ni asidi ikikutana na bikaboneti. Likikoma, asidi ya juu imekwisha. Futa kwa maji matupu, kausha.

Unga mweupe kwenye vichwa vya betri ni salfeti ya risasi. Wa kijani au buluu ni salfeti ya shaba kutoka kwenye waya. Piga brashi ukiwa umevaa miwani, na usiupulize kwa mdomo, kwani risasi ni sumu. Wapo wanaomwagia soda ya kola. Inasafisha, ni kweli, kwa sababu ina asidi ya fosforiki, lakini unaongeza asidi juu ya asidi na kuacha sukari inayovuta vumbi na unyevu. Bikaboneti inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Umefaulu ukiona: juu ni pakavu, na multimita ikigusa kichwa hasi kwa waya mmoja na plastiki ya juu kwa mwingine haionyeshi volti. Ikionyesha, bado kuna utando wa asidi unaovujisha chaji polepole usiku kucha.

## Hatua ya 3: Fungua, tazama, usiongeze kitu bado

Fungua vifuniko vyote sita. Kila tundu ni seli yake, na seli hazichangii maji. Mulika moja baada ya nyingine.

Chini utaona kingo za pleti zimepangana kama kurasa za kitabu: za kahawia iliyokoza ni chanya, za kijivu ni hasi. Maji yanatakiwa yazifunike kwa milimita 10 hadi 15. Juu yake kuna shingo ya plastiki inayoshuka kutoka kwenye tundu; ukomo wa juu ni chini kidogo ya ncha ya shingo hiyo.

Andika hali ya kila seli, kuanzia upande wa chanya, moja hadi sita. Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo habari yote ilipo. Zote zimeshuka sawasawa? Betri inachajiwa kupita kiasi au haijaangaliwa siku nyingi. Moja imekauka na tano zina maji? Hiyo moja inaumwa. Maji yamekuwa ya kahawia kama chai ya rangi? Pleti chanya zinamomonyoka, na hakuna dawa yake. Kingo za pleti zilizoachwa wazi zina weupe? Salfeti imeanza kugeuka jiwe hapo. Sehemu hiyo haitarudi yote.

## Hatua ya 4: Funika pleti tu

Kama pleti ziko wazi, ongeza maji yaliyokenekwa mpaka yazifunike, kisha acha. Usijaze hadi juu.

Sababu ni kwamba betri isiyo na chaji ina maji yaliyoshuka. Ukichaji, yanavimba na kutoa mapovu. Ukiwa umejaza hadi shingoni, yatafurika kupitia vitundu, na safari hii kitakachotoka ni asidi kweli. Hapo ndipo betri hupoteza asidi yake, inakula kishikio cha chuma na sakafu, na mwenyewe anarudi dukani akisema asidi imepungua.

Kama pleti zimefunikwa tayari, ruka hatua hii.

## Hatua ya 5: Chaji mpaka ijae

Rudisha vifuniko bila kuvikaza sana. Unga chaja ikiwa imezimwa: nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, ndipo uwashe. Kuzima pia: zima chaja kwanza, kisha bandua vibanio. Cheche nyingi za ajali hutokea mtu anapobandua kibanio chaja ingali inafanya kazi na betri imekwisha jaa gesi.

Betri ya Ah 100 iliyoisha kabisa, kwa ampea 10, itachukua saa 12 au zaidi. Usidanganywe na saa tatu za gereji. Volti inapanda upesi, lakini asidi inatoka kwenye pleti polepole.

Gusa ubavu wa betri kila baada ya muda. Uvuguvugu ni kawaida. Ikipanda kufika nyuzi 50, zima, iache ipoe. Ukisikia harufu ya yai viza, zima, toka, fungua milango: seli imepata shoti au inachemka, na gesi inayonuka hivyo ni sumu.

Umefaulu ukiona: seli zote sita zinatoa mapovu madogo kwa kiasi sawa, na volti, chaja ikiwa inafanya kazi, imesimama kati ya 14.4 na 14.8 bila kusogea kwa saa moja au mbili. Seli isiyotoa mapovu wakati wenzake wanachemka imekufa au inaelekea huko.

## Hatua ya 6: Sasa jaza hadi alama

Chaja ikiwa imezimwa, ongeza maji yaliyokenekwa polepole hadi chini kidogo ya ncha ya shingo. Maji yakigusa shingo utaona uso wake unapinda na kutengeneza kitu kama jicho. Hapo umefika, simama.

Washa chaja tena kwa dakika 30 hadi 60. Maji mapya ni mepesi, yanakaa juu ya asidi kama mafuta juu ya mchuzi. Mapovu ya chaji ndiyo mwiko wa kukorogea.

## Hatua ya 7: Pima kila seli

Zima chaja, iache betri itulie angalau saa tatu. Ukipima mapema, volti na uzito wa asidi vyote vitakudanganya.

Vuta asidi ndani ya hadromita mpaka kielea kiwe huru, hakigusi ukuta wala mpira. Soma kwa jicho likiwa usawa mmoja na uso wa maji. Rudisha asidi kwenye seli ile ile uliyoitoa, si ya jirani. Hapo ndipo nguo hutobolewa: hadromita isitoke juu ya tundu.

Namba zinasemaje:

- 1.265 hadi 1.280, volti 12.6 hadi 12.7: imejaa.
- 1.225, volti 12.4: robo tatu.
- 1.190, volti 12.2: nusu.
- 1.155, volti 12.0: robo.
- 1.120, volti 11.8: imeisha.

Baadhi ya betri zilizotengenezwa kwa nchi za joto hujazwa asidi nyepesi tangu kiwandani, na kwao 1.240 ni kujaa. Soma karatasi yake kabla ya kuihukumu.

Joto nalo linashusha namba. Hadromita nyingi zimesawazishwa kwa nyuzi 27 hivi. Kila nyuzi 10 juu ya hapo, ongeza 0.007. Usomaji wa 1.255 asidi ikiwa nyuzi 37 ni 1.262 kwa kweli.

Linganisha seli zenyewe kwa zenyewe, maana tofauti husema zaidi kuliko wastani. Tuseme umepata 1.265, 1.260, 1.265, 1.195, 1.265, 1.260. Seli ya nne iko chini kwa 0.070. Tofauti ikizidi 0.050 baada ya kuchaji vizuri, seli hiyo imekwisha, na betri nzima itafuata. Kati ya 0.025 na 0.050 nenda hatua ya 8. Chini ya hapo, uko salama.

Kipimo kimoja cha haraka: betri imechajiwa usiku kucha, imetulia, inasoma volti 10.5. Seli moja hutoa volti 2.1, sita hutoa 12.6. Toa moja, inabaki 10.5. Huna haja ya kumlipa mtu akuambie.

## Hatua ya 8: Sawazisha, ikibidi tu

Hii ni kwa betri za sola zaidi, maana hazitikisiki kama za gari, hivyo asidi nzito hutuama chini. Kontrola nyingi zina chaguo la kusawazisha kwa volti 15 hadi 15.5. Betri iwe imejaa kwanza, maji yawe kwenye kiwango, na vifaa vyote vya volti 12 vitolewe, kwani taa na redio nyingine haziwezi kuvumilia volti hizo.

Pima seli iliyo nyuma kila baada ya saa moja. Namba zikiacha kupanda kwa vipimo vitatu mfululizo, imetosha. Usifanye hivi kwenye betri iliyofungwa hata siku moja.

## Hatua ya 9: Rudisha

Kaza vifuniko, futa juu, unga chanya kwanza na hasi mwisho. Paka grisi au vaselini kwenye vichwa baada ya kukaza. Wanaopaka kabla huweka utando kati ya chuma na chuma, kisha wanashangaa gari haliwaki.

Gari likiwaka, pima volti injini ikiwa inaunguruma: 13.8 hadi 14.4. Ikizidi 14.8, regulata ya altaneta (kidhibiti volti cha jenereta ya gari) ina hitilafu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikinywa maji yako. Ukiiacha, utarudi hapa mwezi ujao.

## Asidi huongezwa lini, basi?

Mara mbili tu. Ya kwanza ni betri mpya iliyouzwa ikiwa kavu: hujazwa asidi ya uzito ulioandikwa na mtengenezaji, huachwa dakika 20 hadi 30 pleti zinywe, kisha huchajiwa. Ya pili ni betri iliyopinduka na asidi ikamwagika: ichaji mpaka mwisho, pima seli ambazo hazikumwagika, kisha ijaze ile pungufu kwa asidi ya uzito huo huo.

Nje ya hapo, kuongeza asidi ni kumpiga punda mgonjwa. Ukali ukizidi, volti hupanda, ndiyo maana betri huonekana imepona. Huku chini asidi inakula fremu za pleti chanya. Tena unajinyima kipimo: hadromita itasoma "imejaa" hata kwa betri tupu. Ukishafanya kosa hilo, kufyonza asidi na kujaza maji mara nyingi huishia kwa kubahatisha.

Na ukilazimika kupunguza ukali wa asidi nzito, mimina asidi ndani ya maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Ukimimina maji ndani ya asidi, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni.

Vidonge vya aspirini, ambavyo bado vinasifiwa, vikikutana na asidi hutoa asidi ya asetiki, ile ya kwenye siki. Nayo hula risasi. Betri huamka siku mbili, kisha hulala moja kwa moja.

## Ikikurukia

Jicho: maji safi mengi, kope zikiwa wazi, dakika zisizopungua 15, kisha hospitali hata kama maumivu yametulia. Usitie bikaboneti machoni. Ngozi: vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi. Sakafu: mwagia bikaboneti mpaka povu likome, kisha osha.

## Betri iliyokufa

Usiimwage asidi mtaroni ili iwe nyepesi kubeba. Asidi hiyo imebeba risasi. Wala usiyeyushe pleti nyumbani kutengeneza vizamisho vya nyavu au vipimo vya mizani: mvuke wa risasi humaliza watoto kabla ya wakubwa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani yao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Irudishe nzima, imesimama, vifuniko vimekazwa, dukani unaponunua mpya. Wengi hupunguza bei kwa betri kuukuu, na huhesabu kwa kilo, hivyo iliyo na asidi yake ndani haikupotezei kitu.